Maji ya Uongo, Maji ya Kweli: Ukinzani kama Mhimili wa Tamthiliya ya Kinjeketile

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ukinzani wa maana mara nyingi huwekwa katika orodha ya tamathali za semi. Mhakiki huutaja baada ya tashbiha, sitiari na tashihisi, hutoa mfano mmoja au miwili kutoka katika matini, kisha huhitimisha kwa kusema kuwa mwandishi ameutumia ili kuipamba kazi yake. Utaratibu huo humsaidia mwanafunzi anayeanza kuitambua mbinu. Hata hivyo, unaufanya ukinzani uonekane kama pambo ambalo likiondolewa kazi itabaki kama ilivyokuwa. Makala haya yanatetea msimamo tofauti kwa kuichunguza tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Hoja yake kuu ni kwamba ukinzani ndio unaoibeba tamthiliya hiyo, na kwamba mhakiki anayeutatua kwa kuchagua upande mmoja huipoteza kazi anayoihakiki.

2.0 Kutoka Oksimoroni hadi Kweli Kinzani

Kabla ya kuingia katika tamthiliya, ni vyema kutofautisha viwango viwili vya ukinzani. Kiwango cha kwanza ni cha kirai, ambapo maneno mawili yenye maana zinazokataana huwekwa bega kwa bega. Hii ndiyo oksimoroni. Said Ahmed Mohamed ameitumia hata katika majina ya riwaya zake, kama vile Asali Chungu na Kiza katika Nuru. Kila msomaji anajua kwamba asali ni tamu. Kivumishi kinapolikana jina, msomaji hulazimika kujiuliza ni utamu upi uliogeuka, na umemgeukia nani, hata kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Kiwango cha pili ni cha kauli au hali nzima, ambayo kwa mtazamo wa juu juu inajipinga yenyewe lakini ikitafakariwa inabeba ukweli. Hii ndiyo kweli kinzani, na wasemaji wa Kiswahili wameizoea tangu zamani kupitia methali. Kupotea njia ndiko kujua njia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Jambo la kuzingatia ni kwamba ukinzani wa methali hizi hutatuliwa na uzoefu wa maisha. Aliyewahi kupotea akafika haoni tena mgogoro wowote kati ya kupotea na kujua. Methali humpitisha msikilizaji katika mshangao mfupi na kumfikisha kwenye hekima iliyotulia.

Swali linalozuka ni iwapo upo ukinzani wa kifasihi usiofika kwenye utulivu huo. Kinjeketile inatoa jibu.

3.0 Ukinzani katika Kinjeketile

3.1 Maji dhidi ya Risasi

Tamthiliya inajengwa juu ya Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika kati ya mwaka 1905 na 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye historia inamtambua, alinyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Hussein mwenyewe ametahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake ni kiumbe wa kisanaa, asichukuliwe kuwa nakala ya mtu huyo. Tahadhari hiyo ni muhimu, kwa kuwa ukinzani unaojadiliwa hapa ni wa kisanaa, ingawa malighafi yake ni ya kihistoria.

Malighafi hiyo yenyewe tayari imejaa mambo yanayokataana. Mganga anavutwa na nguvu ya Hongo hadi ndani ya maji ya mto, na masimulizi yanasema kwamba alitoka mkavu. Anarudi na dawa ambayo ni maji, kitu laini kuliko vyote, na maji hayo yanatarajiwa kuishinda risasi. Makabila ambayo jana yalishukiana yanaunganishwa na kitu kisicho na umbo. Watu hao, wanaofanyishwa kazi kwa nguvu katika mashamba ya pamba huku nyumbani kwao kuna njaa, wanapata ujasiri walioukosa walipokuwa na silaha zao tu. Hapa ndipo ilipo kweli kinzani ya kwanza: dawa haina uwezo unaodaiwa, lakini matokeo yake yanaonekana kwa macho. Umoja uliozaliwa na imani hiyo si wa uongo.

3.2 Mkombozi Anayetabiri Utumwa

Ukinzani wa pili umo kinywani mwa Kinjeketile mwenyewe. Akiwa amepandwa na pepo, anawaahidi watu ushindi, kisha anaongeza kwamba baada ya vita watakuwa watoto wa Seyyid Said. Sultani huyo wa Oman na Zanzibar alikuwa amefariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya vita. Kwa hiyo ahadi ya uhuru inabeba ndani yake ahadi ya bwana mwingine. Umati unasikia nusu ya kwanza tu. Kinjeketile anapozinduka na kuitambua nusu ya pili, anatikisika. Anaanza kuyatilia shaka yale ambayo watu wake wameanza kuyaamini kwa moyo wote.

Kuanzia hapo mambo yanapinduka. Mtu aliyelizaa neno anashindwa nalo. Anajaribu kuwazuia watu wasiingie vitani kabla ya wakati, lakini neno limeshakua na halimhitaji tena. Mwenye shaka pekee katika kambi nzima ya waumini ni nabii wao. Hussein hatoi hotuba ndefu ya kuyaeleza haya, bali anamtenga Kinjeketile na watu wake jukwaani, hata mtazamaji akauona upweke wake.

3.3 Kukataa Kukana

Ukinzani unafikia kilele baada ya kushindwa. Wapiganaji wameangushwa kwa bunduki za rashasha, na Kinjeketile na Kitunda wamo mikononi mwa Wajerumani. Kinjeketile anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kauli hiyo, kwa maana ya kawaida, ni kweli, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote. Anakataa kuisema. Hoja yake ni kwamba adui ataitumia kauli hiyo kuwaambia watoto wao kuwa hata kupigania uhuru lilikuwa kosa. Ukweli mdogo kuhusu dawa ungegeuzwa uongo mkubwa kuhusu vita.

Wapo wanaolisoma tukio hili kama ushindi wa kishujaa, na maji yanabaki kuwa ishara safi ya umoja wa kitaifa. Usomaji huu una mvuto, hasa tukikumbuka kuwa tamthiliya ilitoka miaka minane tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Tatizo lake ni kwamba unazisahau maiti. Waliokufa hawakufa kwa ajili ya ishara. Walikufa wakiamini kwamba risasi zingegeuka maji, na aliyewapa imani hiyo alikuwa ameanza kuwa na shaka kabla hawajatoka kwenda vitani. Usomaji wa upande wa pili unaiona tamthiliya kama onyo dhidi ya ushirikina. Nao unasahau kwamba bila maji hayo hakuna mtu ambaye angethubutu kusimama, na kwamba kukiri kunakodaiwa kunadaiwa na mwenye bunduki.

Hussein ameupanga mwisho kwa namna ambayo kila usomaji kati ya hizi mbili unasahihishwa na mwenziwe. Kitunda, ambaye amewaona watu wake wakifa, ana haki ya kudai ukweli. Kinjeketile, ambaye anawafikiria watoto ambao hawajazaliwa, ana haki ya kunyamaza. Haki hizo mbili zinapingana, na tamthiliya inaisha bila kuwapatanisha.

4.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ukinzani katika Kinjeketile unatofautiana na ule wa oksimoroni, unaoishia katika kirai, na ule wa methali, unaotulizwa na uzoefu. Ukinzani wake unabaki wazi, na uwazi huo ndio unaomhusisha mtazamaji, kwa kuwa anaondoka akiwa na swali ambalo wahusika hawakulimaliza: je, mtu anaweza kuulinda ukweli kwa kukataa kuutamka? Kwa msingi huo inapendekezwa kwamba mhakiki anapokutana na ukinzani katika kazi ya fasihi, asitosheke na kuutaja na kuuhesabu. Aulize kwanza ni nini kitakachopotea iwapo utaondolewa. Katika Kinjeketile, kitakachopotea ni tamthiliya yenyewe.