Imesaga, Imeshindiliwa, Imeshuka!

Jamani, imefika! Iko Bigwa, Morogoro, kwenye meza ya jiko la shemeji yangu, chuma kitupu kinachong'aa, na mchana wote wa Jumamosi nimeshindwa kutoka humo jikoni. Ni Breville Barista Express, ile yenye kisagio chake kichwani: unamimina buni juu, unakinga espreso chini, na katikati hakuna kifaa kingine cha kununua. Nilishaitazama kwenye simu mpaka bando likaisha. Kuisikia ikisaga ni habari nyingine kabisa.

Tuanze na hicho kisagio, maana ndicho kilichonitoa nyumbani. Wauzaji watakupigia kelele za pampu. Baa 15! Wameiandika kwa herufi kubwa kwenye boksi. Usibabaike. Espreso inataka baa kama 9, yaani mara tisa ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka, na mashine nyingi za nyumbani zinafika hapo. Kinachotenganisha kikombe kizuri na maji machungu ni ukubwa wa chembe. Maji yenye nguvu hiyo hutafuta pa kupenya. Yakikuta chembe kubwa huku na vumbi kule, yanapita upande mmoja na upande wa pili hayauonji. Kile kisagio cha visu vinavyokatakata, kinachouzwa pamoja na blenda, hakiiwezi kazi hii hata ukikibembeleza. Humu ndani kuna meno ya chuma yenye umbo la koni, jino moja likizunguka ndani ya jingine, na nafasi iliyo kati yao unaifinya au kuipanua kwa kitufe cha ubavuni chenye hatua 16.

Kule Choma, kijiji kilichokaa mlimani juu ya mji, kahawa hutwangwa kwa kinu na mchi. Tamu mno, mtu asinielewe vibaya! Lakini ile huchemshwa. Maji yana muda wa kuimaliza kila chembe, kubwa kwa ndogo, na machicha yanatulia chini ya kikombe. Espreso haina muda huo. Ina nusu dakika.

Basi shemeji akaanza. Akasukuma mkono wa chujio chini ya kisagio na ngrrrrr! Harufu ikatoka jikoni, ikapita sebuleni, ikamleta kaka aliyekuwa amelala. Chujio lina kipenyo cha milimita 54, na ndani yake zikaingia gramu 18. Akashindilia kwa kishindilio kinachokaa mahali pake kwa sumaku, akaufunga mkono, akabonyeza. Mwanzo kimya, kwa sababu mashine inailowesha kahawa kwa nguvu ndogo kabla ya kuisukuma kwa nguvu zote. Kisha mshale wa geji ukapanda kidogo ukagoma. Kahawa ikatoka mbio, rangi ya chai ya rangi, ikajaa kabla ya sekunde 15. Tukaonja. Ukwaju mtupu!

"Usiguse, shemeji," akaniambia, mkono wangu ukiwa umeshafika kwenye kitufe. Akakigeuza yeye mwenyewe hatua mbili upande wa laini, akasaga upya, akashindilia, akabonyeza. Sasa mshale ukapanda mpaka katikati ya geji. Yakatangulia matone meusi, yakafuata mazito ya hudhurungi, halafu ukawa uzi mmoja usiokatika, na juu ya kikombe likajikusanya lile povu wanaloliita krema. Sekunde 28, gramu 36. Mimi niliyekulia kahawa ya dele na kashata, nikavuta stuli nikakaa.

Hatua mbili tu za kitufe! Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayechagua ni huo: hicho kitufe kiwe mikononi mwako. Ikishuka haraka na kuwa chachu, saga laini zaidi. Ikichelewa na kuchoma ulimi kwa uchungu, saga nene kidogo. Buni ikibadilika, rekebisha; masika yakiingia na hewa ya Morogoro ikajaa unyevu, rekebisha tena. Na uliza machujio. Barista Express inakuja na ya aina mbili: ya ukuta mmoja kwa kahawa uliyosaga sasa hivi, na ya kuta mbili, yenye kitundu kimoja kidogo kinachobana maji, kwa unga ulionunuliwa umeshasagwa. Kuna mashine zinazouzwa na hayo ya kuta mbili peke yake. Povu utaliona, tena jingi, ila ni povu la kutengenezwa na kile kitundu.

Buni je? Hapo ndipo tulipobarikiwa sisi! Iliyokuwa kwenye mashine ni arabika ya Mbinga, Ruvuma, na ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya ule utamu unaobaki kooni baada ya kikombe kuisha. Zipo za Kilimanjaro, za Mbozi, na ipo robusta ya Kagera, ambayo ukiichanganya kidogo krema inakuwa nene ajabu. Ipo pia ile ya punje moja, tunda likiwa limezaa mbegu moja ya mviringo badala ya mbili bapa, ambayo wageni huitafuta kwa jina la Tanzania. Hata milimani hapa mibuni ipo, chini ya kivuli cha migomba, kidogo kidogo kwa kila mkulima. Ukiipata kwa mtu anayejua kukaanga, lipa uondoke kabla hajabadili mawazo. La muhimu ni tarehe ya kukaangwa. Buni huwa tamu zaidi kuanzia wiki moja baada ya moto hadi kama mwezi. Ikishasagwa, hesabu dakika, na hiyo ndiyo sababu nzima ya kutaka kisagio kiwe ndani ya mashine.

Ila si kila buni! Ile iliyokaangwa kwa ajili ya dele, nyeusi tii, inayong'aa mafuta, itayagandisha meno ya kisagio. Buni ya gulioni ichambue kama mchele wa pilau: kijiwe kimoja kinatosha kuua kisagio, na kisagio kikifa mashine nzima inakwenda kwa fundi. Halafu najua mnachowaza, watu wa Matombo na Kinole, kwa sababu nilikiwaza mimi pia nikiwa na iliki mfukoni kutoka Soko Kuu la Chifu Kingalu. Hapana! Iliki, mdalasini, pilipili manga, vyote vitwangwe kando, viingie kikombeni au kwenye maziwa. Meno yale yakishanuka karafuu, kila espreso itakuwa dawa ya jino.

Maziwa yenyewe: yachemshe mapema, yapoe, yaingie friji, uondoe utando. Bomba la mvuke linataka maziwa baridi ndiyo yapate muda wa kuvimba vizuri kabla ya kufika nyuzi 60 au 65, pale ambapo kiganja kinashindwa kuvumilia kushika jagi. Mashine za daraja hili zina njia moja ya kupasha maji, kwa hiyo kahawa kwanza, mvuke baadaye. Mwenye wageni kumi atangoja kidogo. Na wageni wangoje, kwani wanakwenda wapi?

Maji tunayo. Yanayotoka Uluguru ndiyo yanayoujaza Mto Ruvu mpaka Dar es Salaam wanayanywa, na sisi tuko hapa karibu na chanzo. Hata hivyo mvua zikikolea mito inabeba udongo, basi chuja kabla ya kumimina kwenye tangi lake la lita 2, na ukoko wa chokaa uuondoe kwa dawa mara kwa mara.

Sasa umeme, na hapa nisikilize vizuri kabla hujamtumia ndugu yako hela. Marekani wanatumia volti 120. Mashine ya huko ukiichomeka hapa kwenye 230 umeshaifanyia mazishi. Ya Dubai au Uingereza inaingia moja kwa moja, plagi ya miguu mitatu kama yetu. Breville ni kampuni ya Australia, ilianza mwaka 1932, na huko Uingereza na Ulaya mashine zake huuzwa kwa jina la Sage. Ukiona Sage usidhani ni feki. Nguvu yake ni wati 1,850, kwa hiyo inverta ndogo ya taa na televisheni isahau. LUKU yako haitalia lakini: hata ikivuta nguvu zote dakika 10 mfululizo, haijala theluthi ya uniti. Umeme wa mtaani kwenu ukiwa na tabia ya kupanda na kushuka, weka stabilaiza kubwa inayozibeba hizo wati, kwani humo ndani mna saketi inayopima joto la maji muda wote nayo haipendi mshtuko.

Wapo watakaosema nunua mashine peke yake na kisagio peke yake, kimoja kikiharibika kingine kinabaki. Wana hoja, na mwenye jiko kubwa na soketi za kutosha awasikilize. Majiko yetu mengi ya Kihonda na Mazimbu soketi ni moja, na friji imeshaiwahi. Wengine watakusukuma kwenye zile za kujiendesha zenyewe, kama Magnifica ya De'Longhi: bonyeza kitufe, inasaga, inashindilia, inamimina, machicha inajitupia yenyewe. Kwa ofisi, safi sana. Kwa nyumbani, mimi ningechoka ndani ya wiki. Raha yote ya kushindilia wamempa mtu mwingine.

Bei sasa. Kwa miaka mingi Barista Express imeuzwa Marekani kwa karibu dola 700, kwa hiyo weka akilini zaidi ya shilingi milioni moja na nusu kabla ya usafiri na ushuru. Si pesa ndogo, na uzito wake ni kama kilo 10, maana yake anayekuja nayo kwa ndege lazima akupende. Kama hela haijafika, kanunue kisagio kizuri cha mkono chenye meno ya koni na birika la moka la kwenye jiko la gesi, na uendelee kuweka akiba. Hicho kisagio hakitapotea, utasafiri nacho. Kama hela ipo, mwambie anayekuletea ageuze mashine aangalie kibati cha chini, kisomeke 220–240, kisha akupigie picha kabla hajalipa.