Simba Yupi?

Mwaka jana nilimhoji mwanamuziki mmoja hapa Kitengela, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mabati na saruji, na swali langu la kwanza lilikuwa hili: ukikutana na simba ukirudi nyumbani usiku, ungemwimbia wimbo gani? Nilikuwa nimelitunga ndani ya matatu, nikacheka peke yangu mpaka abiria wa kando akasonga kidogo. Jamaa alinyamaza. Halafu akaniuliza, "Simba yupi?"

Kwenye video unaniona nikipiga meza kwa kicheko, kisha naruka swali la pili: ungekuwa chakula, ungekuwa chapo ama ugali? Akasema chapo. Watu waliipenda sana hiyo ya chapo.

Sitamtaja jina, maana kosa ni langu na yeye hakuomba kuwa mfano. Anaimba kwa Kimaasai na Kiswahili, sauti yake ni nzito kuliko mwili wake, na nyimbo zake zinachezwa kwa arusi hadi Namanga. Ninachotaka kukosoa ni mahojiano yenyewe, huu mtindo uliotujaa. Kila mwenye maiki mbili na taa ya duara siku hizi anauliza: ungekuwa matatu ungekuwa ya ruti gani? Ukipewa urais siku moja tu? Mpenzi wako wa zamani akikupigia saa nane usiku, unashika? Wapo wanaosema huu ni upuzi unaoua uandishi wa muziki. Mimi sikubali. Ukimuuliza msanii "albamu yako inahusu nini," atakupa hotuba aliyoikariri tangu stesheni ya kwanza. Ukimuuliza angekuwa ndege gani, hana pa kujificha, kwa sababu hakujiandaa.

Na wala si mchezo wa juzi. Miaka ya 1880, Marcel Proust, akiwa bado kijana ambaye hakuna aliyemjua, alijaza majibu kwenye daftari la maswali ya namna hii, mchezo wa sebuleni uliotoka Uingereza. Alipoulizwa taabu kubwa kwake ni ipi, akajibu ni kutenganishwa na mamake. BBC nao walianza Desert Island Discs Januari 1942: umeachwa kisiwani peke yako, ungebeba santuri gani nane? Hebu fikiria mwaka huo. Vita imepamba moto, meli zinazama kweli baharini, na redioni mtu anaulizwa kwa upole kuhusu kuachwa kisiwani. Sidhani kuna msikilizaji aliyelichukulia kama swali la kubuni tu.

Lakini kwetu bingwa alikuwa Bi Kidude. Mpaka alipofariki Aprili 2013, wageni walimfuata Zanzibar na swali lile lile: una miaka mingapi, bibi? Yeye alikuwa akisema alizaliwa enzi za rupia. Ile filamu ya 2006 juu ya maisha yake ina jina la Kiingereza lenye maana kwamba umri wake ni sawa na wa ulimi wake. Watu husikia majibu haya kama vichekesho vya mzee. Sikiza tena. Swali la umri ni swali la karani: andika tarehe, piga muhuri. Yeye anakupa pesa badala ya tarehe, kisha anakuachia wewe kazi ya hesabu. Na rupia ilitumika Zanzibar hadi miaka ya 1930, kwa hiyo hata ukipiga hesabu vizuri hujafika popote. Manze, huyo mama alijua kujibu! Aliyeuliza alilazimika kutulia, kumfuata pale alipoelekea.

Mimi sikutulia. Hapo ndipo mtindo wetu unaoza: kasi. Tunatupa swali kama kondakta anayepakia watu, twende twende, na jibu likichukua zaidi ya sekunde kumi na tano tunaona ni zito, tunakata. Kicheko cha mhojaji ndicho kisu chenyewe. Nimeirudia video yangu mara nyingi, na kila penye jibu la maana nimechekea juu yake.

Maana "simba yupi?" halikuwa utani. Upande wa kusini wa Mbuga ya Nairobi hauna ua, wanyama hutoka na kuingia huku kwenye nyanda zetu tangu zamani. Juni 2012 wanakijiji waliwaua simba sita hapa Kitengela baada ya mbuzi kuuawa usiku, na habari ikazunguka dunia. Kwenye rekodi nzima, ile ambayo hamkuiona, alinirudisha hapo dakika ya 20, bila kuulizwa. "Ule mwaka wa wale sita, sisi pia walitutembelea, buda. Lakini hatukuandikwa kwa gazeti." Alikuwa na miaka kumi. Babake alisimama mlangoni na tochi isiyo na betri, akaimba. Hakuimba wimbo wa vita. Aliimba ule wa kuwaita ng'ombe warudi, kwa sababu ndio uliomjia. Mbuzi watatu walikwenda. Asubuhi mzee hakuongea.

Yaani nilimuuliza angemwimbia simba wimbo gani, na jamaa alikuwa na jibu. Jibu kamili, lenye tochi. Nikalikata nikaweka chapo.

Swali la milioni pia nililiharibu. Ungepewa milioni moja leo, ungefanya nini? Akasema angenunua shamba la babu lirudi. Nikasema, "Wueh, landlord!" na tukaendelea. Mtu yeyote aliyekaa Kajiado angejua pa kusimama hapo. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa 1988, kila mwenye haki akapata hati yake, kisha hati zikaanza kuuzwa: kwanza ekari, halafu robo, halafu ploti ya nane kwa ekari. Kufikia sensa ya 2019 mji huu ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Mimi ni mmoja wao. Ile ghorofa tuliyorekodia, kwa maelezo yake mwenyewe, imesimama mahali babu yake alipokuwa akinyweshea ndama. Alinionyesha kwa dirisha. Hilo pia lipo kwenye rekodi; inasikika lori la kokoto likipita, na mimi nikisema, "Swali la mwisho!"

Rekodi yote ni dakika 52. Nilizopakia ni tisa.

Wiki jana nilimwandikia kumwomba ruhusa nipakie yote, bila kukata, hata pale ninapochekea vibaya. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake kengele za mbuzi. Hana shida, akasema, ila ile ya tochi lazima mzee aisikie kwanza, na mzee hasikii kwa simu. Niende mwenyewe Jumamosi na spika. Na nibebe sukari.