Kovu Moja, Visa Vitatu: Wapenzi wa Filamu za Simba na Mapokeo ya Kisa

Katika filamu ya katuni The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994, adui wa mfalme ni simba mwenye kovu kwenye jicho la kushoto, naye aitwa Scar, yaani Kovu. Filamu yenyewe haisemi kovu hilo lilipatikanaje. Kitabu kilichochapishwa mwaka huo huo chaeleza kwamba alijeruhiwa na nyati. Mfululizo wa televisheni uitwao The Lion Guard ulisema mwaka 2019 kwamba aliumwa na fira. Filamu ya Mufasa, iliyotoka Desemba 2024, yaonyesha kwamba alipigwa kucha na simba mwingine alipokuwa akimkinga nduguye. Wapenzi wa filamu hizi hawaridhiki kuyaacha masimulizi haya yakae pamoja. Hushindana lipi lishikwe na yapi yatupwe. Lile lililoshikwa tutaliita hapa mapokeo ya kisa. Basi yafaa tujiulize: mapenzi haya yatoka wapi, na ni nani mwenye haki ya kuyaamua mapokeo hayo?

Kwa swali la kwanza, naona kwamba kisa hupendwa kwa mapengo yake kuliko kwa ukamilifu wake. Vitabu vya mwaka 1994 vilimpa Simba mwana aitwaye Kopa. Filamu ya pili, ya mwaka 1998, haimtaji kabisa. Mtoto wa Simba ni binti, Kiara. Wapenzi wakalijaza pengo wenyewe: Kopa, walisema, aliuawa na Zira, na ndiyo sababu Zira alifukuzwa nchini. Hakuna filamu isemayo hivyo. Lakini pendekezo hilo laeleza ukali wa hukumu ya Simba, ambao filamu yenyewe haikuueleza vya kutosha. Huu si upuuzi wa watoto. Ni kazi ya uhakiki.

Wala kazi hiyo si ngeni kwetu. Mamboya, katika vilima vya Ukaguru wilayani Kilosa, ni nchi ya ngano za fisi na sungura. T. O. Beidelman alizichambua ngano za Wakaguru katika jarida la Africa mwaka 1961, akaonyesha kwamba wanyama hao wawili husimama mahali pa mjomba na mpwa wake, katika jamii inayohesabu ukoo kwa upande wa mama. Msimulizi wa ngano aweza kubadili chakula, mahali na hila. Asichoweza kukigeuza apendavyo ni ujamaa wa wahusika, kwa kuwa wasikilizaji waujua kabla hajafungua kinywa.

Hebu tukipime kisa cha Simba kwa kipimo hicho. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo: Scar ni baba mdogo wa Simba, si mjomba wake. Tena, pale urithi unapofuata tumbo la mama, huenda ndugu wa tumbo moja akawa karibu na kiti cha marehemu kuliko mwanawe. Kwa usomaji huo Scar ana hatia ya kuua, lakini dai lake la kurithi si la kipuuzi. Filamu ya mwaka 2024 imemfanya Mufasa kuwa yatima aliyelelewa katika ukoo wa Scar, wala si nduguye wa damu. Kwa mtazamaji wa kwingine hayo ni mageuzi ya kusisimua tu. Kwa mtazamaji wa Ukaguru, shauri zima la urithi limebadilika.

Ama kuhusu majina, hapo ndipo wenye lugha wana haki ambayo watengenezaji hawakuitazamia. Jina la utotoni la Scar, kwa kitabu cha 1994 na filamu ya 2024, ni Taka. Wapenzi wengi wa ng'ambo wamefungua kamusi, wakaona ni uchafu, wakahukumu kwamba wazazi walimchukia tangu kuzaliwa. Lakini taka ni kitenzi pia, chenye maana ya kutamani. Zaidi ya hayo, katika nchi yenye akina Shida, Tabu na Mashaka, twajua kwamba jina zito aghalabu husimulia hali ya wazazi siku ile, si thamani ya mtoto. Hukumu ya chuki haisimami.

Jina la fisi Shenzi ni zito zaidi. Mamboya ilikuwa katika njia ya misafara kutoka pwani kwenda Mpwapwa, na wamisionari wa Kianglikana walitua huko kiasi cha mwaka 1880. Katika njia hiyo mshenzi lilikuwa neno la waungwana wa pwani kwa watu wa bara. Katika filamu, Shenzi na wenzake wakaa nje ya mpaka, mahali pasipofikiwa na nuru ya ufalme. Mjukuu wa waliotukanwa hivyo hawezi kulisikia kama jina la mchezo. Ndiyo maana fisi jike wa The Lion Guard, mwema na mwenye kujiamini, aliyeitwa Jasiri, ni zaidi ya mhusika mpya: ni sahihisho ndani ya mapokeo yenyewe, kwa neno la lugha ile ile.

Yupo atakayesema kwamba watengenezaji waliokota maneno kwa sauti zake tu. Yawezekana. Lakini neno lililookotwa huja na historia yake, na asiyeijua hawezi kumzuia aijuaye asiisome. Haki hiyo nayo ina mpaka wake: orodha za wapenzi zinazompa kila simba maana ya Kiswahili zimekosea, kwani Mufasa si neno letu. Sarufi, historia na ujamaa ndio mashahidi wetu. Panapokuwapo ushahidi huo, tafsiri ya mtazamaji wa Mamboya ina uzito katika mapokeo ya kisa, hata kama kampuni iliyokitunga haijapata kumsikia.