Kwa Nini Mpira Ulichelewa Kupinda

Wengi wanaoitazama video ya mkwaju wa Mbrazili Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa hukimbilia nyavuni. Uhondo wenyewe uko pembeni, kulia kwa goli, alipo kijana muokota mipira.

Ni tarehe 3 Juni 1997, uwanja wa Gerland mjini Lyon, mashindano ya Tournoi de France. Mpira wa adhabu umewekwa mita 35 hivi kutoka golini. Unapigwa, unapita kulia kwa ukuta, tena mbali nao, na yule kijana aliyesimama mita kadhaa nje ya nguzo anainama kuukwepa. Hakuwa mwoga. Kwa njia uliyokuwa nayo wakati ule, mpira ulikuwa ukielekea upande wake kweli. Kisha ukarudi ndani, ukagonga upande wa ndani wa nguzo na kutinga wavuni. Kipa wa Ufaransa, Fabien Barthez, hakuinua hata mguu.

Irudishe video nyuma uitazame polepole. Roberto Carlos anarudi mbali sana, anaanza kwa hatua fupi fupi za haraka, halafu anazirefusha. Mguu wa kushoto unashuka, na upande wa nje wa kiatu unaukata mpira ubavuni, upande wa kulia. Kuanzia hapo mpira unakwenda mbele kwa kasi kubwa huku ukizunguka. Ukiutazama kutoka juu, unazunguka kinyume cha mishale ya saa.

Mpira unaozunguka huburuta hewa inayougusa. Ubavu wa kushoto wa mpira huu unarudi nyuma, kule kule hewa inakokwenda, kwa hiyo hewa ya upande huo inaufuata kwa muda kabla ya kubanduka. Ubavu wa kulia unakwenda kinyume na hewa, na huko hewa inabanduka mapema. Ndiyo maana mkondo unaobaki nyuma ya mpira unatupwa kulia, na mpira wenyewe unasukumwa kushoto, kama vile ngalawa inavyosogea mbele mpiga kasia anaposukuma maji nyuma. Newton aliligusia jambo hili katika karne ya 17 alipoandika juu ya mpira wa tenisi. Katika miaka ya 1850 Mjerumani Gustav Magnus alilichunguza kwa sababu ya makombora ya mizinga yaliyokuwa yakienda upande, na ndiye aliyeachiwa jina.

Maelezo mengi huishia kwa Magnus, nami naona yanaishia njiani. Yanatuambia kwa nini mpira ulipinda. Hayatuambii kwa nini ulichelewa, kwa nini mwanzoni ulionekana umepotea kabisa halafu ukajikunja kwa ghafla vile.

Jibu la hilo lilitolewa mwaka 2010 na Wafaransa wanne, Guillaume Dupeux, Anne Le Goff, David Quéré na Christophe Clanet, na namna walivyolitafuta ndiyo inayonivutia kuliko yote. Hawakwenda uwanjani. Walichukua vipira vidogo vya plastiki, vyenye uzito unaokaribiana na wa maji, wakavifyatua ndani ya maji vikiwa vinazunguka, mbele ya kamera ya kasi kubwa. Ndani ya maji, kipira cha namna hiyo karibu hakizami wala hakielei. Mvuto wa ardhi, ambao uwanjani huvuruga kila picha, ukawa umewekwa kando. Kilichobaki ni mwendo, mzunguko na ukinzani wa maji peke yake.

Wakaona kipira hakichori duara. Kinachora mzingo kama wa gamba la konokono, unaobana zaidi na zaidi. Sababu ni kwamba ukinzani unaila kasi ya mwendo mapema, ilhali mzunguko unapungua taratibu. Mpira unapozidi kuwa mzito wa mwendo na bado unazunguka vilevile, kona yake inakuwa kali zaidi. Hewani ni hivyo hivyo, ila mpira unahitaji masafa marefu ili jambo hilo lionekane. Ukipiga kutoka mita 20, goli linafika mapema na kipa anaona kipande cha duara tu. Kutoka mita 35, kwa nguvu za Roberto Carlos, sehemu kali ya mzingo ilianguka palepale karibu na nguzo. Wanasayansi hao hawakuiita bahati, nami nakubaliana nao.

Gerland hiyohiyo ilikuja kumwona Mbrazili mwingine, Juninho Pernambucano, aliyeichezea Lyon kuanzia 2001 hadi 2009. Yeye alisifika kwa ufundi wa kinyume: mpira ambao karibu hauzunguki kabisa, unaoyumba kushoto na kulia kwa sababu hewa inabanduka upande huu na upande ule bila mpangilio. Quéré na Clanet nao waliufikia ufundi huo. Mwaka 2016, wakiwa na wenzao wengine, walichapisha utafiti juu yake, na safari hii walitumia mashine iliyotengenezwa kupiga mpira bila kuuzungusha.