Kuchonga, Kubandua na Kubabua

Katika tafsiri za maelezo ya mashine ndogo za leza, neno "kuchonga" hutumiwa kwa kila alama itiwayo juu ya metali. Matumizi hayo hayaridhishi. Kuchonga, kama wajuavyo mafundi wa milango ya Zanzibar, ni kuondoa sehemu ya kitu chenyewe na kuacha kina. Leza ya buluu ya wati 5 au 10, itumiwayo na wapenda ufundi majumbani, kwa kawaida haifanyi hivyo. Juu ya alumini iliyotiwa rangi, huondoa rangi tu. Juu ya chuma kisichoshika kutu, joto lake hufanya utando mwembamba wa oksidi wenye weusi. Kina halisi ni kazi ya leza ya nyuzi za kioo, yenye mapigo makali zaidi.

Kosa hili si dogo. Afisa ugavi akiandika "namba ichongwe" kwenye mali ya serikali, aweza kupokea alama ifutikayo kwa msasa.

Twapendekeza dhana hizi zitenganishwe: kuchonga, palipo na kina, kubandua, rangi iondolewapo, kubabua, joto ligeuzapo rangi ya uso.