Nani alisema ni maharamia? Kusoma kitabu cha mutawala wa Sharjah tukiwa huku Kongo



Kuko kitabu kimoja chenye watu wanapenda sana wakisha kuchoka na historia ya wakoloni. Kinaitwa The Myth of Arab Piracy in the Gulf, na kilitoka mu mwaka wa 1986. Mwandishi wake si profesa wa kawaida. Ni Sultan bin Muhammad al-Qasimi, mutawala wa Sharjah tangu 1972, moja ya zile emirati saba za Falme za Kiarabu. Alifanya doktora yake ku Exeter, Uingereza, na kitabu kilitoka mu ile teze. Mimi nasema ni kitabu cha lazima. Lakini nasema pia kinatuacha katikati ya njia, na nitaonyesha ni wapi.

Tuanze na maneno yenyewe. Mwisho wa karne ya 18, Ghuba, ile bahari kati ya Uarabuni na Uajemi, ilikuwa njia ya biashara ya kwenda India. Ku upande wa Waarabu, kabila la Qawasim lilikuwa na nguvu ku Ras al-Khaimah na Sharjah. Walikuwa na mashua mingi, wachuuzi na mabaharia. Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki, wenye walikuwa na serikali yao Bombay, waliwaita maharamia. Ile pwani yote wakaipatia jina: Pwani ya Maharamia. Mwaka wa 1809 wakakuja na manowari, wakachoma mashua. Mwaka wa 1819 wakarudia na askari karibu 3000 chini ya Jenerali William Keir Grant, Ras al-Khaimah ikaanguka mwezi wa 12. Mwezi wa kwanza wa 1820 masheikh wakaanza kusaini mukataba.

Al-Qasimi anasema nini? Anasema uharamia ilikuwa neno la kutafutia sababu. Kampuni ilitaka sehemu kubwa zaidi ya biashara ya Ghuba, na Qawasim walikuwa mu njia yake. Basi kila chombo chenye kushambuliwa ku ile bahari, hata kama haijulikane nani alikishambulia, lawama ilikuwa inaangukia Qawasim.

Nguvu ya kitabu iko mu namna alifanya kazi. Hakuenda kutafuta hadisi za babu zake tu. Aliingia mu arshivu za Bombay, mu barua za ile Kampuni yenyewe, akasoma moja moja: nani aliandika, nani aliona kwa macho, nani alisikia tu, nani angepata faida kama watu wakiamini. Mashahidi anawatoa mu nyumba ya mushitaki. Kwa sisi wenye tunaandika TFC na memware kwa kutumia mafaili ya Wabelgiji, hapo kuko somo kubwa. Mara mingi tunakopia ripoti ya administrateur wa koloni kama vile ni maneno ya Mungu. Akiandika "waasi", na sisi tunaandika "waasi".

Sasa, pale kinaniachia njaa.

Ya kwanza: kinageuza mushitakiwa kuwa mutakatifu. Mu mwaka wa 1997 Charles Davies alitoa kitabu kingine, The Blood-Red Arab Flag, akachunguza upya mashambulizi ya ile miaka. Hakukubali kwamba yote ni ya kutunga. Na tukifikiri vizuri, hatuna lazima ya kuchagua kati ya "wanyanganyi" na "wachuuzi wa amani". Qawasim walikuwa na vita na watawala wa Maskati. Na Maskati ilikuwa imesaini mapatano na Kampuni tangu 1798, juu Waingereza walikuwa wanaogopa Wafaransa. Mu vita ya bahari, kukamata chombo cha adui lilikuwa jambo la kawaida, na Waingereza wenyewe walikuwa wanafanya vile. Tofauti ni kwamba mwenye alikuwa na karatasi ya Bombay aliitwa rafiki, mwenye hakuwa nayo akaitwa haramia. Ile ingekuwa hoja ya nguvu zaidi kuliko kusema babu zetu hawakugusa kitu cha mutu.

Ya pili ni nzito zaidi. Kitabu kinafunga ku 1820, na diplomasia yenyewe inaanzia pale. Muangalie sahihi za ule mukataba. Hassan bin Rahma, mwenye alikuwa anatawala Ras al-Khaimah, mu karatasi anaitwa sheikh wa Hatt na Falaya, "zamani wa Ras al-Khaimah". Muji wake umekwisha kutoka mu jina lake wakati anasaini! Sultan bin Saqr wa Sharjah, naye wa Qawasim, njo mwenye alitoka na nguvu, na akakaa miaka mingi akiwa mukubwa wa ile pwani. Basi mukataba haukufunga tu midomo ya mizinga. Ulichagua nani ni mutawala. Mwenye alisaini akajulikana. Mwenye alivunja neno, manowari ilikuwa inakuja kumuuliza, ao analipishwa faini.

Kiisha ikaendelea polepole. Mwaka wa 1835 walikubaliana kuacha vita ya bahari wakati wa kuzamia lulu, juu lulu njo ilikuwa inalisha watu wote kule. Mwaka wa 1853 wakafanya suluhu ya milele, na jina la pwani likabadilika, ikawa Pwani ya Suluhu. Mwaka wa 1892 wakasaini kwamba hawataongea na serikali ingine, hawatapokea mujumbe wake bila ruhusa, na hawatauza wala kukopesha udongo kwa mwingine isipokuwa Uingereza. Hakuna gavana mwenye kofia nyeupe mu kila muji. Kwa zaidi ya miaka mia moja, ajenti wa Waingereza ku Sharjah hakuwa hata Muingereza: alikuwa Muislamu, mutu wa ile bahari, mwenye kujua luga na heshima za pale. Ukoloni wa bei rahisi, na masheikh walikuwa ndani yake, wakipata ulinzi. Mu 1968, wakati London ilitangaza kwamba itaondoa askari, kuko watawala wa kule walisema wako tayari kulipa gharama ili wabakie. Haramia gani anamulipa polisi wake?

Mwandishi anaijua hii hadisi mu damu yake. Mu 1965 Sheikh Saqr bin Sultan wa Sharjah aliondolewa, na mukono wa Waingereza ulikuwa ndani, juu alianza kukaribia Jumuiya ya Kiarabu. Nafasi yake ikachukuliwa na Khalid, kaka ya mwandishi. Khalid akauawa mwezi wa kwanza 1972, wakati Saqr alijaribu kurudia kwa nguvu, na kisha yeye mwandishi akapanda. Simulaumu kwa ile. Hakuchagua kuzaliwa pale. Lakini historia yenye inasimama ku 1820 inaacha familia ikiwa mushitakiwa tu, na haitoboi neno juu ya namna wenye kubakia walibakia.

Kwa nini nasema ni maneno yetu pia? Ule mukataba wa 1820, ibara ya 9, unasema kukamata watumwa ku pwani za Afrika na kuwapandisha mu vyombo ni unyanganyi na uharamia. Afrika imekwisha kuingia mu karatasi. Said bin Sultan wa Maskati, mwenye alisaidia Waingereza kupiga Ras al-Khaimah, njo yule yule alikuja kuhamishia makao yake Zanzibar. Kutoka Zanzibar misafara ilivuka Tanganyika, ikafika Nyangwe na Kasongo, na Kiswahili chetu kilikuja ku ile njia, pamoja na minyororo. Haramia wa Bombay alishindwa, rafiki wa Bombay akatufikia.

Na mbinu ilikuwa ile ile. Mu 1887 Tippu Tip alisaini na Stanley, akawa liwali wa Stanley Falls kwa jina la Leopold, na mushahara juu. Miaka tano baadaye, wenzake wa Maniema wakaitwa wafanya-biashara ya watumwa wenye lazima ya kupigwa. Nyangwe na Kasongo zikaanguka mu 1893. Hapa lazima tuwe waangalifu. Mutu mwenye kusoma Al-Qasimi haraka haraka atasema: "Basi utumwa wa Waarabu mu Kongo nao ni uongo wa Wazungu." Hapana. Wazee wetu waliuzwa kweli. Leopold alitumia ukweli ule kufungua mulango, akaingiza kazi ya shuruti ya mpira. Shitaka linaweza kuwa la kweli, na mushitaki akabakia mwizi.

Hapo njo kitabu kilipashwa kutufikisha. Kusema adui alidanganya ni mwanzo wa kazi. Kisha unabakia na kuuliza wa kwako alisaini nini, alipata nini, na nani hakuitwa ku meza. Ku Ras al-Khaimah, wazamia-lulu na watumwa hawakuitwa. Ku Stanley Falls, wenyeji wa muto hawakuitwa.

Mukisome, tafazali. Mwenye anaandika memware mwaka huu juu ya mkataba wowote wa zamani, aanze na ukurasa wa sahihi: aangalie nani amebadilishwa jina.