Herufi Zinazovaliwa Kifuani

Mwaka 2001, wabunifu watatu wa Amsterdam wanaojiita Experimental Jetset walitengeneza fulana kwa ajili ya kampuni ya Kijapani ya 2K/Gingham. Kifuani waliweka majina manne, moja chini ya jingine: John, Paul, Ringo, George. Hapakuwa na gitaa wala sura ya mtu, na jina la bendi halikutajwa popote. Majina matatu ya mwanzo yalifuatwa na alama ya &, la nne likafungwa kwa nukta, na herufi zote zilikuwa za fonti ya Helvetica, zimesogezwa karibu karibu.

Fulana hiyo imeigwa kupita kiasi. Kuna za wachezaji mpira, za wanafalsafa, za wahusika wa sinema, hata za vyakula. Wengi wa waigaji walichukua orodha wakaacha ubunifu.

Mashabiki wa Beatles wamezoea kumtaja Ringo mwisho, ila hapa amepandishwa juu ya George. Faida yake inaonekana kwa macho: majina mawili mafupi yamekaa juu, Ringo linarefuka kidogo, na George, refu kuliko yote, linabeba mzigo chini. Ukiyarudisha katika mpangilio uliozoeleka, mstari wa mwisho unaingia ndani na umbo zima linachechemea. Mpita njia anasoma majina. Mpenzi wa herufi anaona jinsi yalivyojengwa, na fulana kama hii hutengenezwa ikimlenga yeye.

Ndiyo maana kazi hii inastahili sifa kuliko inavyopewa. Fulana ya maneno matupu haina pa kujificha. Mchoro wa simba ukikosewa kidogo, manyoya na rangi vitafunika kosa. Nafasi ikizidi kati ya A na V, imezidi hadharani, mbele ya wanunuzi walewale wasioacha jambo kama hilo lipite. Tena rula haisaidii sana. Herufi O huchorwa ikizidi H kidogo juu na chini, kwa sababu zikilinganishwa kwa kipimo, O itaonekana imesinyaa. Anayepanga herufi kwa ajili ya wenzake hulazimika kuliamini jicho kuliko namba za kompyuta.

Helvetica yenyewe imekuwa sare ya ukoo huu wa wapenzi wa herufi. Ilitoka mwaka 1957 katika kiwanda cha herufi cha Haas, mjini Münchenstein, Uswisi, kwa mikono ya Eduard Hoffmann na Max Miedinger. Wakati huo iliitwa Neue Haas Grotesk. Jina tunalolijua lilikuja mwaka 1960. Gary Hustwit aliitengenezea filamu nzima mwaka 2007, na watu walikaa ukumbini kuangalia habari za fonti. Mwenye jicho hahitaji kuona neno zima ili aitambue. R moja kubwa inatosha: mguu wake unashuka karibu wima, wakati ule wa Arial umenyooka ukaenda mshazari. Atakayeicheka au kuisifia R hiyo akiwa kwenye foleni ya benki, huyo ni mwenzako.

Utani nao upo, na si wote wenye ladha. Neno Helvetica likiandikwa kwa Comic Sans huchekesha mara ya kwanza. Maskini Comic Sans: Vincent Connare aliichora akiwa Microsoft mwaka 1994 baada ya kumwona mbwa wa katuni kwenye programu akizungumza kwa Times New Roman, jambo lililomkera kwa haki kabisa. Kosa ni la walioihamishia kwenye matangazo ya misiba. Fulana nzuri zaidi ni zile ambazo umbo lenyewe ndilo linalozungumza, mathalani & moja kubwa ya italiki ya Caslon, yenye mikunjo inayokumbusha kwamba alama hiyo ilizaliwa kwa kuunganisha e na t za neno la Kilatini et.

Kisha kuna kitambaa, ambacho hakijali nadharia ya mtu. Katika uchapaji wa skrini, wino husukumwa kwa mpira kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu. Pamba ya fulana imefumwa kwa vitanzi. Inavutika, na wino hutawanyika kidogo pembeni. Fonti ya Bodoni, iliyo tamu sana kwenye karatasi laini kwa mistari yake myembamba kama unywele, hukatika katika kitambaa ikichapwa ndogo. Matundu ya a na e huziba. Wino wa plastisoli unahitaji joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi ili ukomae. Usipokomaa, utapasuka baada ya kufuliwa.

Dawa ya wino unaotawanyika iliwahi kutafutwa kwingine. Matthew Carter alipochora Bell Centennial, iliyotoka mwaka 1978 kwa ajili ya vitabu vya simu vya kampuni ya AT&T ya Marekani, alichonga mapengo kwenye maungio ya herufi ili wino uyajaze wenyewe kwenye karatasi duni. Ikikuzwa hadi upana wa kifua, mapengo yale hubaki wazi na kuwa pambo la ajabu, ambalo sababu yake huijua wachache.

Maneno juu ya nguo si jambo geni Uswahilini. Majina ya kanga yaliwahi kuandikwa kwa hati ya Kiarabu kabla ya herufi za Kirumi kutawala, na hadi leo huchapwa zaidi kwa herufi kubwa. Mbunifu wa fulana anayeandika Kiswahili anarithi desturi hiyo pamoja na kero zake. Chukua NG'OMBE. G na O ni za mviringo, na kati yao ritifaa inaning'inia juu ikiacha shimo chini yake. Kompyuta ikiachiwa uamuzi, neno hupasuka likawa NG na OMBE. Mwenye jicho huivuta O hadi iingie chini ya ritifaa, na ritifaa yenyewe huichagua yenye mkunjo, si kile kijiti kilichonyooka cha kibodi. NG'AMBO ni rahisi zaidi, maana ubavu wa A umelala na kuiachia ritifaa nafasi. NG'E ndilo sugu: E imesimama wima, haitoi hata upenyo, na mara nyingi suluhisho ni kuacha herufi kubwa na kuandika ng'e kwa ndogo, ritifaa ikae juu ya mgongo wa e.